Kasha Lililobisha Hodi

Watu walimwita Pini kwa sababu tangu usichana wake hawakuwahi kumwona mdomo mtupu. Alikuwa fundi wa mapazia. Pini za kushikia kitambaa alizibana kwa midomo huku akipima, akikunja na akiwasema watu, yote kwa pamoja. Mteja mgeni aliogopa kwamba atazimeza. Hakumeza hata moja. Aliyoyameza yalikuwa mengine.

Kazi yake ya pili ilikuwa gitaa. Waliomjua kwa mapazia hawakuamini habari ya gitaa, na waliomjua kwa gitaa walidhani cherehani ni ya mama yake. Kila Jumamosi mchana bendi yao ilipiga katika kumbi za harusi, kaka yake kwenye solo, yeye kwenye ridhimu. Ridhimu ni kazi kama ya bitana kwenye pazia: ikikaa vizuri hakuna anayeiona, ikikunjamana kila mtu anauliza nani aliyeshona. Pini aliipenda hivyo hivyo. Mbele yake aliona mgongo wa kaka, na nyuma ya kaka kulikuwa na kasha.

Kasha ndilo jina waliloipa amplifaya ya yule kaka, chombo kinachokuza sauti ya gitaa. Ilikuwa ya valvu, zile za kizamani zenye vichupa vya kioo ndani vinavyowaka wekundu kama makaa. Ya valvu haikurupushwi. Unaiwasha, unaisubiri ipate moto, ndipo inatoa sauti, na sauti yenyewe inakuwa na joto kama ya mtu aliyekwisha kunywa chai. Kaka mtu naye alikuwa hivyo. Kwa taratibu zake bendi ilimwita Polepole, na alipoulizwa kwa nini hana haraka alisema mwenda pole hajikwai, kisha akachukua muda mrefu zaidi, makusudi.

Alikuwa na desturi moja. Vioo vikishapata wekundu, kabla hajagusa uzi wowote, aligonga juu ya kasha kwa kifundo cha kidole. Ko. Ko-ko. "Hodi," alisema. Binamu yao aliyepiga besi alijibu, "Karibu." Ndipo wimbo ulipoanza. Wapya kwenye bendi walicheka. "Cheka tu," Polepole aliwaambia. "Mtu haingii kwa watu bila hodi, hata kama anakoingia ni kwenye wimbo."

Kisha Polepole akafa. Alikula mchana, akasema anajinyoosha kidogo, mama yake akaenda kumwamsha na kikombe cha chai mkononi. Moyo, walisema. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga tu, alikaa naye pale kitandani akimwita, mpaka chai ikapoa, ndipo alipojua.

Msiba ulipokwisha bendi ilirudi kazini, maana harusi za watu hazingoji. Kiongozi wao, mpiga tarumbeta mwenye kifua kipana na subira fupi, alimwambia Pini ashike solo, kwa kuwa nyimbo zote alikuwa anazijua. Siku hiyo umeme ulikuwa ukikatika na kurudi. Bwana harusi yuko mlangoni, kiongozi anamfokea Pini, "Washa, dada, washa." Pini akawasha. Hakusubiri. Hakubisha hodi. Umeme ukarudi kwa nguvu, ndani ya kasha kukasikika mlio kama wa kuni mbichi, moshi ukatoka, na harufu ikawa ya nywele zilizoungua. Kasha la Polepole nalo likafa, mikononi mwa dada yake.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomtesa. Binamu yake alisema umeme ni umeme. Lakini Pini alikuwa akilala na sauti ile ya kuni mbichi, akiamka nayo, na alipokuwa anashona aliinua kichwa ghafla kama mtu aliyeitwa.

Tangu hapo gitaa lake lilichomekwa kwenye spika za waimbaji. Sauti ikawa nyembamba kama mbu chumbani, na wenyewe walisema cha kuazima hakistiri makalio. Kiongozi akavumilia, akavumilia, kisha akamwita pembeni.

"Dada Pini, nakuheshimu, na kaka yako nilimheshimu. Lakini watu wanalipa kusikia gitaa."

"Nami napiga nini, sufuria?"

"Unapiga vizuri. Hatukusikii. Harusi ya mwenye duka la mabati ni mwisho wa mwezi. Uje na amplifaya yako, yenye sauti ya mtu. Usipokuja nayo, kuna kijana ng'ambo ya reli ana vyombo vyake kamili."

"Ana vyombo. Vidole anavyo?"

"Vidole atavipata akiwa kazini," alisema kiongozi.

Pini aligeuka akalitazama jukwaa. Nafasi ile ndiyo mahali pekee duniani ambapo bado alikuwa anasimama karibu na kaka yake. Mtu mwingine akisimama pale, Polepole atakuwa amezikwa mara ya pili. Alikuwa amejiwekea akiba ya kununua mashine ya pili ya kushonea. Aliitoa akiba hiyo, akamwita binamu yake wa besi, ambaye kazini kwake alikuwa akiendesha gari la mikate, wakaanza kuzunguka.

Duka la kwanza lilikuwa na vioo, feni na muuzaji mwenye tai. Alikuwa na amplifaya mpya, nyeusi, ya bei nafuu, na nyuma ya wavu wake kitu kiliwaka rangi ya chungwa.

"Hii ya valvu, mama. Unaona moto wenyewe?"

Pini alichutama, akachungulia kwa jicho la mtu anayetafuta uzi uliokatika. Akaweka kiganja kwenye wavu. Baridi.

"Hako ni kataa ka mapambo," alisema. "Valvu inayowaka baridi umeiona wapi, kwenye jeneza?"

"Sauti ni ile ile, mama."

"Basi na mimi nitakulipa kwa picha ya pesa. Thamani ni ile ile."

Binamu alimshika mkono, wakatoka. Kwa wiki nzima mzaha ule ulizunguka kwenye gari la mikate.

Ya pili ilikuwa ya valvu kweli. Waliipata kwenye stoo ya ukumbi uliofungwa, kubwa kama kabati, yenye spika nne, na mwenyewe aliitaka itoke tu, maana panya walikuwa wameanza kuhamia. Binamu aliibeba akiita kwa majina viungo vyake vyote vilivyomuuma. Nyumbani ikawa mtihani. Ukiipandisha mpaka pale inapoanza kuimba, vijiko vinacheza kabatini na jirani anagonga ukuta. Ukiishusha wasikasirike, sauti inakufa, inakuwa kama mtu anayesimulia jambo huku amefunikwa blanketi.

Mama alisikiliza kutoka kitandani kwake. "Hiyo ni ya kutangazia vita," alisema. "Irudisheni kabla sijaitwa kwa balozi wa nyumba kumi." Ikarudishwa, na binamu akataja tena viungo vyake.

Basi wakaenda kwa fundi. Huyu alikuwa mzee wa redio, mwenye chumba kirefu chenye sakafu ya mbao, na kila ubao ulijaa vyombo vilivyofunuliwa matumbo. Alimsikiliza Pini mpaka mwisho, tofauti na wengine wote.

"Mnakosea watu wengi hapo," alisema. "Mnadhani ukumbini panataka kubwa. Ukumbini weka maiki mbele ya ndogo, wacha spika za ukumbi zibebe mzigo. Wewe unataka ndogo ya valvu, inayoimba mapema. Hiyo unaipiga na nyumbani, mama amelala." Akavuta kitambaa. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha spika moja, kimevikwa ngozi ya kahawia iliyochunika pembeni, kikiwa na mpini juu kama sanduku la safari. "Wati kumi na tano. Nyuma hapa kuna swichi inapunguza nguvu nusu. Bei yake ni ya mtumba, haina majivuno."

Akaiwasha. Pini akasimama mbele yake, gitaa begani, akisubiri. Vioo vikaanza kuona haya. Binamu akawa anatazama nje ya mlango gari lake. Chumba kikawa kimya.

Ko. Ko-ko.

Ilitoka ndani ya spika. Laini, ya mbali, kama kifundo cha kidole kwenye mlango wa chumba cha tatu.

Nywele za shingoni zilimsimama Pini. Alimtazama fundi, fundi alikuwa ameinama akitafuta waya. Alimtazama binamu, binamu alikuwa amegeuka, uso umebadilika. "Dada," alisema polepole. "Umesikia?"

"Naichukua," alisema Pini.

"Hujapiga hata wimbo mmoja."

"Nimesema naichukua."

Fundi akainua kichwa. "Ngoja kwanza, mama. Kuna valvu moja humo siiamini. Ya mwanzo kabisa. Nilitaka kuibadilisha kabla..."

"Usiguse kitu."

"Ni kazi ndogo, na hiyo mpya nakupa bure."

"Fundi," Pini alisema, na safari hii hakuwa na pini mdomoni lakini maneno yalitoka kama anazo, "ukigusa kitu humo ndani, mimi na wewe tumekosana."

Mzee akaitazama sura yake, akauweka waya chini. Alikwisha kuona watu wa namna nyingi wakinunua vyombo vya namna nyingi. Hodari kama Pini, mwenye kutia kiganja kwenye wavu kupima joto, alinunua kitu kwa kugongewa tu.

Nyumbani alikiweka kisanduku kwenye ncha ya meza ya kukatia vitambaa, karibu na cherehani. Chumba kile kilikuwa cha kazi na cha kulia, nacho kilikuwa na sakafu ya mbao iliyolalamika kila ulipoikanyaga. Mchana ule alikiwasha, akakaa kwenye cherehani kumalizia mapazia ya mteja, akajifanya hangoji kitu.

Ko. Ko-ko.

Kutoka chumba cha pili, mama yake akasema, "Karibu, mwanangu. Umechelewa."

Pini alishikilia kitambaa kwa mikono miwili. Baadaye mama alikuja akipapasa ukuta, fimbo mbele, akavuta kigoda mpaka kando ya kile kisanduku, akakaa. Aliweka mkono juu ya ile ngozi ya kahawia.

"Ana joto," alisema.

"Ni valvu, mama. Zinapata moto."

"Nimesema ana joto, sijauliza kwa nini."

Ikawa desturi ya nyumba. Mchana jua likishaingia dirishani Pini alikiwasha, mama akaja na kigoda chake, mmoja akishona na mwingine akisikiliza. Gitaa lilibaki ukutani. Kama lingepigwa, ile sauti ya mbali isingesikika. Kisanduku kiligonga, mama akajibu karibu, na wakati mwingine alikieleza habari za siku: mbona mwenye mapazia ya kijani hajaja kuyachukua, mbona bei ya uzi imepanda, dada yako hali vizuri anakonda kama sindano.

Kulikuwa na siku Pini alisikia nyuma ya ile hodi kitu kingine, mvumo wa chini unaopanda na kushuka kama pumzi ya aliyelala. Akaegemea karibu. Pumzi ikapanda. Akarudi nyuma upesi mno, akajichoma kidole, na tone la damu likaingia kwenye pazia jeupe la watu. Aliliosha kwa maji baridi na sabuni, likaacha kivuli. Alishona pindo juu yake. Pazia lile mpaka leo liko kwa mtu, na damu yake ndani.

Binamu alipita na mikate, akawakuta wamekaa hivyo, wanawake wawili na kasha.

"Shangazi hujambo. Dada, mazoezi ni Alhamisi ukumbini. Umepiga lini mara ya mwisho?"

"Nitapiga."

"Nimekuuliza lini."

"Na mimi nimekujibu nitapiga. Mikate yako inakauka."

Binamu alikitazama kisanduku, akapunguza sauti. "Mimi nami nilikisikia, sikatai. Lakini yule alikuwa anabisha ili aingie apige. Huyu anabisha tu, hapigi."

Pini akakanyaga cherehani. Neno lile lilimkaa kooni kama pini ya kweli.

Alhamisi wakakutana ukumbini. Jukwaa lilikuwa la mbao, refu, lenye mashimo ya misumari ya sherehe zilizopita. Pini akakiwasha kisanduku, akasubiri kama inavyotakiwa. Kiongozi akatazama saa yake lakini akajizuia. Kisha mpiga ngoma akaketi, akakanyaga ngoma yake kubwa mara moja kuijaribu.

Kisanduku kikagonga.

Akakanyaga tena, kikagonga tena. Mwimbaji akavuka jukwaa na viatu vyake vya kisigino, kikamfuata hatua kwa hatua, ko, ko, ko, kama nyumba yenye wageni kila mlango. Binamu akaburuta kiti, kisanduku nacho kikaguna. Walipoanza wimbo na Pini akapandisha sauti, ule mvumo wa pumzi ukaamka chini ya gitaa, ukapanda, ukazidi kupanda, ukawa mluzi, ukawa kilio kirefu cha mtu asiye na kinywa. Mwimbaji akaziba masikio. Nje ya ukumbi mbwa walijibu.

"Zima hicho," alisema kiongozi.

Pini alikuwa amesimama tu.

"Dada, zima."

Binamu ndiye aliyezima.

Kiongozi hakufoka. Alishusha tarumbeta, akazungumza kama mtu anayemrudishia mwenziwe kitu chake. "Jumamosi ndiyo yenyewe. Kijana wa ng'ambo ya reli nimemwambia awe tayari. Kikilia hivyo mbele ya watu, yeye ndiye atakayepanda."

Binamu alimpeleka moja kwa moja kwa fundi, kisanduku kikiwa kimekaa kati ya kreti za mikate.

Mzee hakusema nilikwambia. Alifungua mgongo wa kisanduku, akakiwasha, akachukua penseli na kugusa kioo cha kwanza. Spika ikasema ting, kengele ndogo. Akagusa cha pili na cha tatu. Kimya. Akarudi kwenye cha kwanza. Ting.

"Ndani ya kioo hiki kuna vijinyavu vya waya, vyembamba kuliko uzi wako. Vikilegea, kioo kinageuka sikio. Kila kinachotikisa ubao, kinakisikia na kukisema. Ukikiweka karibu na spika yake mwenyewe na sauti ikapanda, kinajisikia, kinajijibu, mpaka kinapiga yowe."

"Siku ile hakuna aliyetembea," alisema Pini. "Wewe ulikuwa umeinama. Huyu alikuwa mlangoni."

Fundi alimtazama miguu. "Shika gitaa. Simama kama unataka kuanza wimbo. Usifikirie kitu."

Pini akavaa gitaa. Akasubiri vioo. Vioo vikawa vyekundu.

Ko. Ko-ko.

Akatazama chini. Kisigino chake cha kulia kilikuwa ndiyo kwanza kinatua.

Alikitazama kama kiatu cha mtu mwingine. Miaka yote ile nyuma ya mgongo wa kaka yake, kila alipogonga kasha, kisigino cha dada mtu kiligonga pamoja naye. Hakuna aliyemwambia. Hata kwenye cherehani, kabla ya kila mshono mpya, kilifanya vivyo hivyo.

"Na lile la kwanza, lililoungua?" aliuliza, na sauti ilitoka ndogo.

"Umeme umeingia kwa nguvu. Hata angekuwa yeye, lingeungua."

Alikuwa amelisubiri neno lile muda mrefu, na lilipokuja hakujua aliweke wapi. Fundi akafungia valvu mpya kwenye kitambaa, akamwekea kiganjani. "Unaing'oa ile taratibu, ikishapoa, unasukuma hii. Sikufanyii mimi. Naona si kazi yangu."

Nyumbani mama alikuwa tayari kwenye kigoda, kando ya meza tupu. Pini alikirudisha kisanduku mahali pake. Akakaa chini, sakafuni, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Yule anayebisha. Si yeye. Ni kisigino changu. Kuna kioo kibovu kinasikia kisigino changu."

Mama alitikisa kichwa, si kwa huzuni. "Macho ndiyo yaliyokwenda, we mtoto. Masikio sijayauza. Kisigino chako nimekisikia kwenye mbao hizi tangu unajifunza kusimama."

"Na ulikuwa unajibu karibu?"

"Kwani wewe hukaribishwi? Tangu tumzike unaingia humu kama mpangaji. Nikasema, alau mtoto wangu mmoja anabisha hodi, nimjibu."

Pini aliinamisha uso kwenye magoti ya mama yake. Wakakaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya uzi, "Lakini mara moja haikuwa wewe."

Pini akainua kichwa.

"Ulipotoka kupeleka mapazia, ukakisahau kinawaka. Nilikuwa nimekaa hapa, fimbo mapajani, miguu nimeikunja. Kiligonga. Taratibu. Unajua yeye alikuwa anachelewesha lile la mwisho, hakuwa na haraka hata ya kubisha. Wewe unaliwahisha. Mimi nawajua wote wawili."

"Labda gari lilipita nje."

"Labda," alisema mama. "Nilimjibu hata hivyo. Gari halidhuriki kwa kukaribishwa."

Pini alikitazama kisanduku. Kilikuwa kimezimwa, kimepoa, na wavu wake ulikuwa mweusi. Kukiacha kama kilivyo ni kuwa na nyumba inayogongwa kila mchana, na kijana wa ng'ambo ya reli kwenye nafasi ya kaka. Kukitengeneza ni kuziba sikio lile, na kama kuna mtu huko nje anayebisha polepole, asisikike tena.

"Nifanyeje, mama?"

"Unaniuliza kama unanunua kitambaa. Yeye alikuwa anabisha ili nini?"

"Apige."

"Basi."

Pini alipeleka mkono nyuma ya kisanduku. Kioo kilikataa kwanza, kikazunguka, kikaachia. Kilikuwa chepesi kama yai lililokwisha kunyonywa. Akasukuma kipya. Cha zamani alimpa mama, naye alikifunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili, akalipapasa.

Kilipowaka, hawakusikia kitu. Pini aligonga kisigino kwa makusudi. Kimya. Mama alisubiri kidogo, uso umeelekea kwenye spika, kisha akachukua fimbo yake na kurudi chumbani. Pini akashusha gitaa kutoka ukutani, swichi ya nyuma ikiwa kwenye nusu, akapiga mpaka jioni. Jirani hakugonga. Alipofika kwenye ule wimbo ambao kaka alijulikana nao, akaanza, akaanza upya, akaanza upya tena.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Kijana wa ng'ambo ya reli alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa na gitaa lake ndani ya mfuko mpya, mpole, mwenye adabu, akisalimia kila mtu, jambo lililomfanya Pini ashindwe hata kumchukia. Kisanduku cha kahawia kilionekana kidogo mno kwenye jukwaa lile, kama sanduku la msafiri aliyesahauliwa stesheni. Maiki ikasimamishwa mbele yake. Pini akawasha, akaanza kusubiri.

"Watu wanaingia," alisema kiongozi.

"Waache waingie."

"Dada Pini."

"Vioo havijawa tayari. Ukiwa na haraka, tangulia, sisi tutakukuta."

Mpiga ngoma akacheka, akajifanya anakohoa. Mwimbaji akavuka jukwaa na visigino vyake. Kisanduku hakikusema lolote. Pini alisikiliza kwa mwili mzima, na kile kimya kilikuwa kizito kuliko alivyokitegemea. Hakikuwa na mtu ndani. Aliona baridi mabegani, hapo ambapo kwa miaka mgongo wa kaka ulimkingia taa.

Vioo vikawa vyekundu. Akainama, akagonga kwa kifundo cha kidole juu ya ile ngozi iliyochunika. Ko. Ko-ko.

"Hodi," alisema.

Binamu alikuwa ameinamia besi yake, akishughulika na uzi usio na tatizo. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Karibu, dada."

Walianza. Sauti ilitoka yenye joto, nene, si ya Polepole. Ya Polepole ilikuwa ya kubembeleza, hii ilikuwa na makali kidogo, kama ya mtu anayesema ukweli huku anakunja kitambaa. Watu waliinuka kucheza kabla ya ubeti wa pili. Kiongozi alimtazama mara moja juu ya tarumbeta, kisha akaacha kumtazama, na hiyo kwake ilikuwa sifa.

Kwenye wimbo wa kaka kuna mahali. Solo ikipanda mpaka juu, Polepole alikuwa akiacha, bendi yote ikiacha naye, pumzi moja, kisha anashuka. Pini ndiye aliyekuwa akiijaza ile pumzi kwa ridhimu yake, kidogo tu, kama mtu anayemshikia mwenziwe mlango. Sasa alipanda yeye. Akafika juu. Akaacha. Bendi ikaacha.

Hakukuwa na ridhimu. Hakukuwa na kitu. Wachezaji walisimama mguu mmoja juu, ukumbi mzima umening'inia, na katika shimo lile Pini alisikia, au alikumbuka, mtu asiye na haraka akisogea nyuma yake. Hakugeuka. Alijua akigeuka ataona ukuta na pazia, tena pazia baya, lililoshonwa na mtu mvivu. Akasubiri mpaka yule aliyekuwa akisogea amalize kusogea. Ndipo akashuka, na bendi ikashuka naye.

Baada ya sherehe kiongozi alikuja akifuta jasho. Kijana wa ng'ambo ya reli alikuwa amekwisha kwenda na mfuko wake mpya.

"Pale juu," kiongozi alisema. "Palipokuwa kimya. Pakae vile vile. Usimruhusu mtu apajaze."

"Sikuwa na nia hiyo."

"Basi fungeni vyombo, gari linangoja."

Binamu akashika mpini wa kisanduku. Pini akamwekea mkono juu ya mkono.

"Vioo bado vya moto," alisema. "Ukivibeba sasa vinapasuka roho. Ngoja vipoe."

"Dereva analalamika."

"Dereva ni wewe."

Binamu akaachia mpini, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Pini akakaa upande wa pili wa kisanduku, kiganja juu yake, akihisi joto likipungua kidogo kidogo, mpaka hakuweza kujua tena lipi ni la kisanduku na lipi ni la mkono wake mwenyewe.